Msumari wa Arobaini na Tatu

Ukitaka kuingia kwake ilibidi uchukue namba. Pembeni mwa mlango, mahali ambapo wapangaji wengine wa jengo lile la Koekelberg wametundika kioo au Bikira Maria, yeye alikuwa amepigilia ubao mweusi wenye safu tano za misumari, na kila msumari ulibeba kibati cha shaba, cha mviringo, chenye namba iliyogongwa kwa nyundo. Unaingia, unachukua kibati chako, unakitia mfukoni. Unatoka, unakirudisha kwenye msumari wake. Muuguzi wa sindano alikuwa namba tano. Fundi wa boila, anayekuja mara moja kwa mwaka, alikuwa namba kumi na moja, na siku ya kwanza alidhani ni foleni, akauliza wale kumi wengine wako wapi. Mimi nilikuwa namba saba kwa miaka sita.

"Sikia muzuri, Maman," aliniambia siku tuliyoonana, kabla hata sijavua koti. "Unaingia, unabeba jeton yako. Unatoka, unatundika. Weye mwenyewe, na mukono yako. Muntu mwingine hapana gusa. Tumesikilizana?"

Nilimwambia tumesikilizana. Nilikuwa nimetumwa na ofisi ya huduma za nyumbani kumfagilia na kumpikia, mara mbili kwa wiki, na kwenye kazi hii ukikataa wazee wenye vituko utabaki bila mzee hata mmoja. Baadaye alinieleza kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye mgodi wa kijijini kwao. Mchimbaji akishuka anaondoka na kibati chake, akipanda anakirudisha, na ubao ukijaa maana yake mlima ni mtupu, watu wote wako nje. Mlima ukianguka, jambo la kwanza ni kukimbilia ubaoni.

Katika jengo walimwita Papa Ingénieur, Baba Mhandisi. Mimi namwita Mwanahistoria, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyomkuta nayo. Alikuwa anaandika historia ya kijiji chake, kijiji cha wachimba madini kilichokaa juu kabisa kwenye milima ya Ulaya ya Mashariki, chenye jina refu ambalo ulimi wangu wa Kigoma umeshindwa nalo mpaka leo. Yeye alisema Kijiji tu, kana kwamba duniani hakuna kingine, na mimi niliandika hivyohivyo kwa herufi kubwa. Kuhusu alizaliwa lini na nani alimzaa nani, mtanisamehe. Mambo hayo aliniandikisha kurasa arobaini, na sitaki kuzirudia.

Aliniandikisha, narudia, na aliniandikisha kwa Kiswahili. Alikuwa ametumwa na nchi yake kwenda Katanga kama fundi, kwa mkataba wa miaka miwili, akakaa zaidi ya ishirini, akaoa Likasi, akazika mke Likasi, akaja Brussels na sanduku moja na ule ubao. Kifaransa chake kilitoka kwa shida, changarawe kwa changarawe. Lugha ya kwao, alisema, haina faida kuiandikia, kwa maana Kijijini wamebaki watu kumi na mmoja, na kila mmoja anajidai anaijua historia kuliko mwandishi. Kiswahili changu alikigundua siku nilipokuwa naitukana mashine ya kufagia. Nikasikia sauti kutoka chumbani: "Maman, ile matusi ni ya wapi?" Nikasema ya Kigoma. Kesho yake alikuwa amenunua kompyuta.

Sasa niambieni, kuna mtu mwingine duniani aliyepata kazi kama yangu? Mwanamke wa Kigoma, ndani ya Brussels, anapiga chapa habari za mbuzi, makasisi na maporomoko ya theluji ya milima ya Karpati, kwa Kiswahili cha Katanga, huku mchele unaungua. Na bado akaona Kiswahili changu ndicho kina kasoro.

"Kiswahili yako ni ya radio," alinilaumu. "Iko muzuri, iko propre, safi kabisa, lakini muntu hasikie njala ndani."

"Papa, mimi nimesomea Kiswahili shuleni."

"Njo ile! Mimi nilisomea mu trou, chini ya udongo. Donc, andika vile ninasema."

Nikaandika vile anasema. Sura ya kwanza iliitwa "Kabla ya Bantu", yaani kabla ya watu, na ilihusu jinsi mlima ulivyoinuka. Kwenye mamilioni hayo ya miaka tulikaa tangu mwezi wa Novemba mpaka Pasaka. Sura ya pili walikuja Warumi, ambao kwa mujibu wa Mwanahistoria hawakujua kuchimba dhahabu mpaka walipoelekezwa na wanakijiji. Baada yao ukawa msururu wa wafalme, na kila mfalme aliyepata kutajwa na mtu yeyote alipita Kijijini, akanywa maji ya Kijiji na kuharisha. Kuhusu kuhara kwa mfalme mmoja tu tulijaza kurasa tatu. Nilipouliza kama wasomaji wanahitaji kujua hayo alinitazama kwa huruma, akasema bila kuhara kule mfalme angewahi vita, na kama angewahi vita, Maman, leo mimi na wewe tungekuwa tunazungumza Kituruki.

Kulikuwa na sura ya uyoga. Kulikuwa na sura ya farasi wavuta magari ya mawe, kila farasi kwa jina na tabia yake. Kulikuwa na sura ya ulevi, ambayo ilibidi igawanywe kuwa mbili. Na kulikuwa na sura ya bendi ya matarumbeta ya wachimbaji, ambayo ndiyo ilimvunjia urafiki na mtu pekee Brussels nzima aliyetoka naye Kijiji kimoja.

Huyo mtu alikaa Laeken, nasi tulimwita Katibu. Miaka mingi nyuma kilikuwepo Chama cha Wazawa wa Kijiji waishio Brussels, chenye wanachama watano. Watatu wakafa. Wawili waliobaki wakaitisha uchaguzi, kila mmoja akajipigia kura, matokeo yakawa sare, na tangu hapo kukawa na vyama viwili, kila kimoja na mwanachama mmoja, na kila kimoja kikikishutumu kingine kwa kuwagawa wananchi. Sababu rasmi ilikuwa bendi. Mwanahistoria aliandika kwamba matarumbeta yalikuwa tisa. Katibu alishikilia kuwa yalikuwa manane, na kwamba yule wa tisa alikuwa anashika tarumbeta tu bila kupuliza.

Nilihudhuria mkutano mkuu wa mwaka wa Mwanahistoria, kama mtazamaji. Ulifanyika jikoni. Alivaa tai. Alijisomea muhtasari wa mkutano uliopita, akauliza kama kuna mwenye pingamizi, akasubiri kwa adabu akitazama kulia na kushoto, akaupitisha. Nilicheka mpaka nikaenda kujificha chooni. Lakini nikisema haki, chama chetu cha watu wa Kigoma hapa mjini kina viongozi saba na wanachama wanne, na mwaka jana tulivunja mkutano kwa ugomvi wa nani atashika kipaza sauti.

Alikuwa na mambo yake. Kuba la kanisa kuu la Koekelberg, lililojaa dirisha lake lote, aliliita "ile marmite", yaani lile sufuria. Alisema kanisa la Kijiji lilikuwa dogo kiasi kwamba Mungu akiingia padre anatoka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ijumaa alivaa kofia yake ya manyoya, akapanda basi mpaka Ixelles kula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa mama mmoja wa Lubumbashi, na wale vijana wa mle ndani wakimsikia anavyoagiza walikuwa wanageuza viti wamtazame. Alimgombeza yule mama kwamba bukari yake ni laini. Kisha akaimaliza yote na kuomba ya kubeba. Alipenda kusema kwamba hawezi kuvumilia uongo, na huku jengo zima likimwita mhandisi hakumsahihisha mtu hata siku moja. Hakuwahi kuwa mhandisi. Katanga wakati ule, aliniambia siku moja akiwa ametulia, mzungu akishika kalamu tu alikuwa mhandisi. Na Kijijini? Akajibu, "Kijijini nilikuwa gardien ya jeton," mlinzi wa vibati, na akabadilisha maneno.

Kwa uongo wa wengine alikuwa mkali kweli. Nilipoandika kwamba theluji ya mwaka fulani ilifika kiunoni alinifutisha nusu ukurasa, kwa sababu ilifika magotini. "Histoire haiko mambo ya huruma, Maman. Haiko preuve, haiko mu kitabu." Hakuna ushahidi, hakuna kuandikwa. Alirudia hivyo mara nyingi mpaka nikawa namwambia mwanangu mwenyewe akinidai zawadi.

Nikaja kugundua kwamba kitabu kilikuwa na ugonjwa. Kilikuwa kimefika kurasa mia tisa, wafalme wamekwisha, vita vyote viwili vimekwisha, Wakomunisti wameingia na picha zao, na Mwanahistoria mwenyewe sasa ana miaka kumi na tisa na amesimama kwenye ubao wa vibati. Tulikuwa tunakaribia Jumamosi moja ya mwezi wa Mei. Tukiifikia tu, anakohoa, anaomba chai, na anasema, "Bon, turudi nyuma kidogo." Tukarudi kwenye uyoga. Tukasogea tena mpaka Jumamosi ile, tukarudi kwa farasi. Sura ya pili ya ulevi ilizaliwa hivyo. Mwanzoni nilidhani ni usahaulifu wa uzee, nikawa namkumbusha kwa upole kwamba tulishapita Wakomunisti. Mara ya nne aliniambia kwa ukali kwamba mwandishi ni yeye.

Halafu likatokea la muuguzi. Namba tano alikuwa binti wa Kibelgiji, mpole, mwenye haraka siku zote. Asubuhi moja alipiga sindano, akatoka mbio kwa mgonjwa mwingine, akasahau kibati chake juu ya meza ya jikoni. Mimi nikakiona, nikafanya ambalo yeyote angefanya, nikakitundika kwenye msumari wa tano. Sikujua kwamba Mwanahistoria amesimama mlangoni mwa chumba.

Sijawahi kuona mtu amekasirika namna ile. "Nani alikuambia ametoka? Ulimuona? Na macho yako?"

"Papa, amekwenda, nimesikia lifti."

"Ulisikia lifti! Weye unatundika juu ya kusikia?"

Akanifukuza. Nikaenda kukaa kwenye ngazi na koti langu, nalia kwa hasira, mwanamke mzima, kwa sababu ya kibati. Baada ya nusu saa akafungua mlango. Alikuwa amempigia muuguzi simu, akamrudisha kutoka mtaa wa tatu ili aje atundike namba tano kwa mkono wake. Yule binti alitundika, akanitazama, akaniuliza kwa macho kama tumpigie daktari. Mwanahistoria akanikaribisha ndani, akanikatia kipande cha keki, na hakuomba msamaha.

Sasa nifike kwenye jiwe, maana bila jiwe haya yote yangebaki vichekesho.

Mgodi wa Kijiji umefungwa zamani. Kilichobaki ni watu kumi na mmoja na mbwa mmoja ambaye meya humhesabu panapohitajika wakazi kumi na wawili. Kutoka ofisi moja kubwa ya hapahapa Brussels, mwendo wa metro tu kutoka kwa Mwanahistoria, walipewa ruzuku ya kuhuisha urithi wao. Kwanza wakajenga njia ya baiskeli yenye urefu wa kama kiwanja cha mpira, inayoanzia kwenye ukuta na kuishia kwenye ukuta mwingine. Iliyobaki, meya akaamua kuchonga jiwe la kumbukumbu lenye majina ya wote waliofia mgodini. Karatasi za mgodi zilikwisha kuozea ofisini paa lilipoanguka, kwa hiyo meya aliandika barua rasmi kwa Mwanahistoria wa Kijiji, aliyeko Brussels, alete orodha. Mzee alitembea na barua ile mfukoni wiki nzima. Akaandaa majina ishirini na sita, kila moja na siku yake na ushahidi wake.

Wiki iliyofuata Katibu akaja. Hakuwa amekanyaga pale tangu ugomvi wa matarumbeta. Alikuwa mzee mwembamba mwenye fimbo, naye pia aliwahi kufanya kazi Katanga, upande wa Kolwezi, hivyo Kiswahili alikuwa nacho. Alikataa kuchukua kibati. Akasimama palepale kizingitini.

"Liste yako inapungukiwa na muntu moja," alisema. "Kaka yangu."

Walianza kwa lugha yao, wakapandisha sauti, kisha Katibu akanigeukia mimi akaeleza kwa Kiswahili, kama mtu anayetafuta hakimu. Kaka yake mkubwa alikuwa mchimbaji. Jumamosi moja ya Mei, baada ya zamu kwisha, njia ya chini ya mgodi iliporomoka. Watu walikimbilia ubaoni, wakakuta vibati vyote vipo, cha kaka yake pia. Mhandisi mkuu akasema asante Mungu, mlima ni mtupu. Hawakuchimba. Wakaziba tundu kwa mawe na saruji. Kaka hakuonekana tena. Kwa kuwa ubao ulisema ametoka, serikali ikaandika kwamba ametoroka kuvuka mpaka, msaliti wa wafanyakazi. Mama yao alinyang'anywa nyumba ya mgodi. Miaka yote iliyobaki alikuwa akimngoja mleta barua barazani, kwa sababu mtoto aliyetoroka lazima siku moja ataandika.

"Hakutoroka," alisema Katibu. "Mimi ninajua kaka yangu. Maire anasema ataweka jina yake kwa jiwe kama historien anatia sahihi. Sahihi moja, basi. Kisha useme matrompette ilikuwa mia moja kama unataka."

Na Mwanahistoria, mtu wangu wa miaka sita, akasimama wima na kusema, "Haiko preuve. Jeton ilikuwa kwa musumari. Histoire haiko mambo ya huruma."

Katibu akageuka, na fimbo yake tukaisikia ngazi za ghorofa zote tatu kwa sababu hakutaka kusubiri lifti. Siku hiyo nilimchukia Mwanahistoria. Nilimwambia hivyohivyo, kwa Kiswahili changu cha radio. Nikamwambia ana kurasa tatu za mfalme aliyeharisha lakini hana mstari mmoja wa mtoto wa mtu. Alisema chai imepoa.

Nilipokuwa nafuta vumbi ubaoni, mwisho wa kazi, ndipo nilipoona kitu nilichokuwa nakipita siku zote. Kibati namba arobaini na tatu, safu ya juu, hakikuwa na mwenyewe. Vibati vingine visivyo na wageni vilikuwa vimefifia, vimepata kutu ya kijani. Kile kiling'aa kwa kushikwashikwa.

Baada ya miezi miwili ofisi ilinihamishia Ixelles, kwa wazee wapya, karibu na kwangu. Nilimuaga Mwanahistoria, akanipa mkono, akaniambia namba saba hatampa mtu. Sikuwa na hamu ya kumpigia simu. Nilisikia kwa yule mama wa bukari kwamba siku hizi haji Ijumaa. Nikasikia pia, kwa muuguzi niliyekutana naye kwenye basi, kwamba hali ya mapafu si nzuri na kwamba jiwe litazinduliwa kiangazi, lenye majina ishirini na sita.

Kisha mwezi wa Machi, mchana, simu ikalia. "Maman Kigoma. Kuya. Machine ya kuandika inakungojea."

Nilimkuta amekaa kitini karibu na mlango, chini ya ubao, amevaa tai ya mkutano mkuu. Amekonda. Nikachukua namba saba, ikiwa mahali pake, nikakaa. Sikupata hata kuuliza habari. Kengele ikalia tena, akaingia Katibu. Huyu alitazama ubao muda mrefu. Halafu, sijui kwa nini, akakubali kuchukua namba mbili, aliyokuwa anachukua enzi za urafiki wao, akaitia mfukoni.

Mwanahistoria alianza kusema kwa lugha yao. Alisema maneno mawili, matatu, akakwama. Akajaribu tena. Akafumba macho, akapiga goti lake ngumi.

"Kwa luga ya kwetu inakataa kutoka," alisema kwa Kiswahili. "Nitasema hivi. Maman atasikia, haizuru."

Akasema. Kijijini mlinzi wa vibati hakuruhusiwa kwenda nyumbani mpaka misumari yote ijae. Jumamosi kulikuwa na dansi. Na kaka yake Katibu alikuwa na mchumba upande wa pili wa mlima, hivyo Jumamosi alipenda kutokea kwenye tundu la juu, la zamani, akashuka moja kwa moja kwa mchumba bila kupita ubaoni. Wengi walifanya hivyo. Mlinzi akawa anawatundikia. Ilikuwa desturi, kila mtu alijua, hakuna aliyeiandika popote.

"Ile samedi misumari yote ilijaa, ilibakia moja tu. Quarante-trois, arobaini na tatu. Nikasema, ule ameenda kwa fiancée. Jeton ya akiba ilikuwa mu tiroir ya meza, na namba yake. Nikatundika. Nikaenda kucheza dansi."

Katibu hakusogea.

"Saa moja kiisha mulima ukaanguka. Bakakuya kwa ubao, bakaona imejala. Na mimi nikafurahi pamoja nabo, kweli, nilifikiri ametoka. Lakini dimanche, kiisha misa, fiancée akakuya kuuliza. Hakumuona toka jeudi, hata ile samedi." Akavuta pumzi kwa shida. "Dimanche nilijua. Dimanche tundu ilikuwa haiyazibwa. Balianza kuziba lundi."

Jumapili alijua, na saruji ilianza Jumatatu. Sikuweza kumtazama Katibu. Nilitazama lile kuba la kijani dirishani na kuomba mtu yeyote katika jengo lile apige kelele, awashe redio, afanye chochote.

"Dimanche saa ngapi?" Katibu aliuliza.

"Saa tano."

"Mama alipika gâteau ya sukari ile dimanche," alisema Katibu taratibu. "Alisema atarudi na njala."

"Niliogopa. Balikuwa banaweza kunifunga."

"Najua balikuwa banaweza kukufunga." Katibu alikuwa anazungusha fimbo yake sakafuni. "Na mimi miaka yote nilifikiri unanichukia juu ya matrompette."

Mwanahistoria akainuka, akishika ukuta. Akainua mkono mpaka safu ya juu, akatoa namba arobaini na tatu, kile kibati cha akiba alichotembea nacho tangu Kijijini mpaka Likasi mpaka hapa, akakiweka kwenye kiganja cha Katibu. "Njo hii preuve," alisema.

Katibu hakumwambia amemsamehe. Nalisema hili kwa sababu nimehadithia kisa hiki mahali pengi, na kila mara kuna mtu anataka kusikia kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Katibu aliomba karatasi na kalamu. Akasema kurasa mia tisa za Kiswahili meya hawezi kuzisoma, andika hapa, kwa mkono, kwa lugha ya kwetu. Mwanahistoria akaandika mistari minne. Akatia sahihi, na chini yake, kwa herufi kubwa, akaandika cheo: mlinzi wa vibati. Katibu akaisoma yote, akarekebisha herufi moja katika jina la kaka yake, akaikunja na kuitia ndani ya koti pamoja na kile kibati.

Mlangoni akatoa namba mbili mfukoni, akaitundika kwa mkono wake mwenyewe, akahakikisha imekaa sawa. Safari hii alisubiri lifti.

Nikaosha vikombe, nikavaa koti langu, nikatundika namba saba. Mwanahistoria alikuwa bado amesimama mbele ya ubao. Msumari wa arobaini na tatu ulikuwa mtupu. Miaka sita nilipita pale na sikuwahi kuuona hivyo, na yeye, nadhani, hakuwahi kuuona hivyo tangu ana miaka kumi na tisa.

"Muntu iko ndani," alisema.

Nikamwambia ndiyo, Papa.

"Maman Kigoma, fungua machine. Andika: Samedi. Muntu moja hakutoka."

Nikachukua tena namba saba, nikaitia mfukoni, nikavua koti.